Kuanza na Angélique: Mwongozo Kamili wa Filamu za Kifaransa za Mapenzi, Panga na Wafalme

Kati ya 1964 na 1968, mwongozaji Mfaransa Bernard Borderie alitoa filamu tano kuhusu mwanamke mmoja: Angélique de Sancé, binti wa kabaila fukara wa jimbo la Poitou. Tunamfuata kutoka shamba la baba yake hadi ndoa asiyoitaka, kutoka maficho ya wezi wa Paris hadi Versailles, kasri la mfalme, na mwisho hadi mnada wa watumwa ng'ambo ya Bahari ya Kati. Michèle Mercier, mzaliwa wa Nice, ndiye Angélique katika zote tano. Filamu hizo zilitengenezwa kwa ushirikiano wa Ufaransa, Italia na Ujerumani Magharibi, na zilipendwa mbali kuliko nchi hizo tatu, hata katika Umoja wa Kisovyeti.

Wengi hukutana nazo vibaya. Mtu anaidaka ya nne katikati, anaona magauni na panga, hajui nani adui wa nani, anazima na kusema ni hadithi za kupoteza muda. Mimi nazithamini sana filamu hizi, na naamini mtu akizianza kwa utaratibu atazipenda, kisha atafunguliwa mlango wa filamu nyingine nyingi za Kifaransa zilizotokana na riwaya zilizosomwa na umma. Utaratibu wenyewe ni huu. Siri kubwa ya mfululizo sitaitaja.

Hatua ya 1: Jua riwaya zilikotoka

Mwandishi ni Anne Golon, aliyezaliwa Toulon 1921 na kufariki 2017. Jina lake la kuzaliwa ni Simone Changeux. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alikwenda Congo iliyokuwa chini ya Ufaransa kama mwandishi wa habari, na huko akakutana na Vsevolod Goloubinoff, mwanajiolojia mwenye asili ya Urusi. Wakaoana. Riwaya zilipotoka zilibeba majina yao wawili, Anne na Serge Golon. Kitabu cha kwanza kilichapishwa Ujerumani 1956, kikafuata Ufaransa 1957, na mfululizo ukafika vitabu 13.

Nayataja haya kwa sababu yanasaidia kumwelewa Joffrey de Peyrac, mume wa Angélique. Joffrey ni bwana mkubwa wa Toulouse, lakini utajiri wake unatoka kwenye mwamba: anajua migodi, anajua kutenganisha madini, ana maabara. Mhusika wa namna hiyo ni nadra katika hadithi za mapenzi za zama zile, ambamo bwana tajiri huwa amerithi tu. Mimi naona kazi ya mumewe Anne Golon imeingia humo waziwazi.

Jambo la pili la kujua ni ukoo wa riwaya hizi. Karne ya 19, magazeti ya Paris yalichapisha riwaya kipande kwa kipande, na kila kipande kilikatwa mahali ambapo msomaji hawezi kulala bila kujua kinachofuata. Sisi tuliosoma hadithi za magazetini zinazoishia na “itaendelea” tunaujua mtego huo. Alexandre Dumas alichapisha *Les Trois Mousquetaires* hivyo katika gazeti la Le Siècle mwaka 1844. Anne Golon aliandika vitabu vizima, lakini mbinu ni ileile, na filamu zimeirithi: karibu kila moja inaishia mlango ukiwa wazi.

Hatua ya 2: Pata nakala inayofaa

Hapa ndipo starehe ya wengi inapoharibika. Hakikisha mambo matatu.

Kwanza, picha iwe pana. Filamu hizi zilipigwa kwa kioo kipana, na mwongozaji alitumia upana wote: Angélique upande mmoja, adui yake upande wa pili, na ukumbi mzima katikati. Nakala nyingi za zamani za televisheni zimekatwa pembeni ili zijaze skrini ya mraba, na unabaki na nusu ya tukio. Ukiona mtu anaongea na mtu asiyeonekana, tafuta nakala nyingine. Seti ya filamu zote tano imetolewa kwa DVD na Blu-ray.

Pili, sauti iwe ya Kifaransa, pamoja na maandishi ya tafsiri chini katika lugha unayoisoma haraka. Mazungumzo yake yana makali. Watu wa baraza la mfalme wanachomana kwa adabu, na tafsiri ya sauti hupoteza hayo. Wasomaji wa Kiswahili walioko Congo, Burundi na Rwanda wana bahati hapa, kwani wengi wao wanakijua Kifaransa cha shule. Usishangae midomo ikipishana kidogo na maneno: waigizaji walitoka nchi tatu.

Tatu, usisome orodha ya waigizaji wa filamu ya tatu, ya nne na ya tano kabla ya kuzitazama. Wala usitazame mabango yake. Nadhani umenielewa.

Mahali pa kuulizia, pamoja na maduka ya mtandaoni, ni maktaba za Alliance Française zilizopo Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Wasipokuwa na filamu, huenda wana kitabu.

Hatua ya 3: Shika historia kidogo, lakini ishike vizuri

Huhitaji kusoma historia yote ya Ufaransa. Unamhitaji mfalme mmoja na hofu yake.

Louis XIV alizaliwa 1638 akawa mfalme 1643, mtoto wa miaka minne. Kati ya 1648 na 1653 makabaila wakubwa na mahakama ya Paris waliasi. Uasi huo unaitwa Fronde. Mtoto yule alilazimika kutoroshwa Paris usiku. Hakuwasamehe makabaila maisha yake yote. Kardinali Mazarin alipofariki 1661, mfalme akatangaza kuwa atatawala mwenyewe bila waziri mkuu, na baadaye akawakusanya makabaila Versailles, ambako baraza lilihamia rasmi 1682, ili awaone kila siku na wao wagombanie heshima ya kumshikia mshumaa badala ya kukusanya majeshi.

Sasa muongeze mtu wa pili: Nicolas Fouquet, msimamizi wa fedha za dola. Tarehe 17 Agosti 1661 alimwandalia mfalme karamu katika kasri lake jipya la Vaux-le-Vicomte, karamu nzuri kupita yoyote ambayo mfalme mwenyewe angeweza kuiandaa. Tarehe 5 Septemba alikamatwa huko Nantes, na aliyemkamata ni d'Artagnan wa kweli, yule ambaye Dumas alimfanya shujaa. Fouquet alikufa gerezani Pignerol mwaka 1680.

Ukimjua Fouquet umeielewa filamu ya kwanza. Joffrey de Peyrac ni tajiri mno, msomi mno, hamwinamii mtu, na anaishi mbali kusini ambako watu wanampenda. Mashtaka yatakayoletwa juu yake ni ya uchawi. Hilo nalo halikubuniwa hewani: mwaka 1634 kasisi Urbain Grandier alichomwa moto hai huko Loudun kwa shtaka la uchawi, wakati maadui wake walikuwa na sababu nyingine kabisa.

Hatua ya 4: Tazama kwa mpangilio, na mwangalie Angélique anapoamua

Mpangilio ni huu: *Angélique, Marquise des Anges* (1964), *Merveilleuse Angélique* (1965), *Angélique et le Roy* (1966), *Indomptable Angélique* (1967), *Angélique et le Sultan* (1968). Tazama mbili za kwanza usiku mmoja au siku mbili zinazofuatana, maana ni hadithi moja iliyokatwa. Ya tatu ipe nafasi yake. Mbili za mwisho nazo ziende pamoja.

Katika ya kwanza, tega macho kwenye tukio la utotoni: Angélique anasikia njama ya kumpa mfalme kijana sumu, naye anakificha kisanduku chenye ushahidi. Usilisahau tukio hilo, kwa sababu hadithi yote inaning'inia hapo. Kisha ndoa. Anapelekwa Toulouse kuolewa na mtu mwenye kovu usoni na mguu unaochechemea, na anamchukia kabla hajamwona. Robert Hossein anamwigiza Joffrey kwa utulivu wa ajabu. Ana haki zote za mume kwa sheria ya zama zile, na anakataa kuzitumia. Anasubiri mpaka mkewe aje mwenyewe. Filamu nyingi za mapenzi zingekwenda mbio hapa. Hii inatembea pole pole, na sehemu hii ya Toulouse ndiyo nzuri kuliko zote katika filamu zote tano. Irudie kabla hujaendelea. Sikiliza pia muziki wa Michel Magne, wimbo mkuu unaorudi kila Angélique anapopoteza kitu.

Ya pili inamshusha chini kabisa, kwenye Cour des Miracles, mtaa wa ombaomba na wezi wa Paris, ambao kweli ulikuwepo. Hapo anamkuta Nicolas, rafiki wa utotoni aliyegeuka jambazi, akiigizwa na Mwitaliano Giuliano Gemma. Wengi wanaikumbuka filamu hii kwa mapigano. Mimi nawaomba muiangalie kwa biashara. Mwanamke aliyenyang'anywa jina, mali na ulinzi anasimama tena kwa kupika na kuuza, kisha kwa chokoleti, kinywaji kilichokuwa kipya Paris: mwaka 1659 mfalme alimpa David Chaillou haki ya peke yake ya kukitengeneza na kukiuza. Halafu siri ya kisanduku inarudi, safari hii ikiwa silaha mkononi mwake, na anaitumia kumpata mume wa pili, Philippe du Plessis-Bellières, bila aibu na bila kuomba radhi.

Ya tatu ni ya Versailles. Mfalme, akiigizwa na Jacques Toja wa jumba la maonyesho la Comédie-Française, anamtuma Angélique kumlainisha balozi wa Uajemi, na hawara wa mfalme, Madame de Montespan, anamwona mpinzani. Mambo ya sumu na wachawi unayoyaona humo yana mzizi: kashfa kubwa ya sumu ilitikisa Paris kuanzia 1677 hadi 1682, na jina la Montespan likatajwa. Balozi wa Uajemi, kwa upande mwingine, amesogezwa mbele ya wakati wake. Balozi wa kweli, Mohammad Reza Beg, alipokewa Versailles mwanzoni mwa 1715, mfalme akiwa mzee aliyebakiwa na miezi tu ya kuishi.

Shika kalamu, na kila filamu ikiisha andika mahali ambapo Angélique aliamua jambo yeye mwenyewe, na mahali ambapo alichukuliwa tu na mkondo. Utaona orodha ya kwanza ikiwa ndefu katika filamu ya kwanza na ya pili, na ikifupika kadiri unavyosonga mbele. Hilo ndilo lawama yangu kubwa kwa mfululizo huu.

Hatua ya 5: Tenganisha waliokuwepo na waliobuniwa

Angélique, Joffrey na Philippe wamebuniwa. Mfalme, mwanamfalme na jemadari Condé, Fouquet na Montespan waliishi. Kati ya makundi hayo mawili wapo watu wa mpakani, na hao ndio wenye utamu.

Desgrez, anayeigizwa na Jean Rochefort kwa tabasamu lisilofika machoni, anaanza kama wakili na kuishia kuwa polisi. Polisi mwenye jina hilo alikuwepo: ndiye aliyemkamata Marquise de Brinvilliers, mwuaji kwa sumu, huko Liège mwaka 1676. Na yule mshairi wa vichochoroni katika filamu ya pili, anayeigizwa na Jean-Louis Trintignant, anatokana na Claude Le Petit, mshairi wa kweli aliyechomwa moto katika uwanja wa Place de Grève, Paris, mwaka 1662 kwa sababu ya mashairi yake. Ukishajua hayo, kila neno la mzaha analosema mshairi yule linakuwa zito.

Fanya hivi: ukikutana na jina lenye cheo, litafute. Usifanye hivyo filamu ikiendelea, fanya baada yake.

Hatua ya 6: Jiandae kwa filamu mbili za mwisho

Hapa nawasihi muwe na jicho kali, hasa tuliokulia pwani au katika nyumba za Kiislamu. Filamu ya nne na ya tano zinampeleka Angélique baharini kumtafuta mtu. Anatekwa, anauzwa mnadani Candia, mji wa kisiwa cha Krete, na anaishia katika nyumba ya wake wa sultani wa Morocco. Picha ya Waislamu inayochorwa humo ni ya watu wa tamaa, mijeledi na mazulia. Sehemu ya filamu ya tano ilipigwa Tunisia, na sultani anaigizwa na Ali Ben Ayed, mwigizaji mkubwa wa jukwaa wa Tunisia, ambaye anampa heshima zaidi ya ile ambayo hadithi ilimpa.

Sultani wa kweli ni Moulay Ismail, aliyetawala Morocco 1672 hadi 1727 akiwa Meknès. Alikuwa mtawala mkali, lakini pia mtu wa diplomasia: mwaka 1699 balozi wake Abdallah ben Aicha alikuwa Paris, na kutokana na safari ile sultani akaomba kumwoa Princesse de Conti, binti wa Louis XIV. Mfalme hakukubali. Katika filamu humwoni Moulay Ismail huyo. Wala hukumbushwi vya kutosha kwamba majahazi ya vita ya Louis XIV yaliyokaa Marseille yalivutwa kwa makasia na wafungwa pamoja na Waislamu walionunuliwa kama watumwa. Biashara ya binadamu katika Bahari ya Kati ilikuwa na wanunuzi pande zote mbili.

Kuna na jambo jingine. Filamu ya nne ina ukatili wa kingono dhidi ya Angélique, na kamera inautazama kama tamasha. Usiiweke mbele ya watoto, na usiiweke sebuleni siku ya wageni ukidhani ni hadithi ya mabinti na mashujaa. Ukiona imekuzidi, ruka; kinachohitajika kuijua filamu ya tano ni kwamba ameuzwa na ametenganishwa tena na anayempenda.

Hatua ya 7: Rudi kwenye kitabu

Filamu ya kwanza na ya pili zinatoka kitabu cha kwanza, ambacho mara nyingi huchapwa katika juzuu mbili. Ya tatu ina kitabu chake. Ya nne na ya tano zimegawana kimoja. Maana yake ni kwamba filamu zinaishia mapema sana: kwenye vitabu Angélique anarudi Ufaransa, anaasi dhidi ya mfalme, anaishi na Waprotestanti wa La Rochelle, kisha anavuka bahari hadi Amerika Kaskazini.

Kama unasoma Kifaransa cha wastani, anza na sura za Toulouse. Kama husomi, vitabu vimetafsiriwa lugha nyingi, Kiingereza kikiwamo. Utakachokipata humo ni akili ya Angélique: hesabu zake, mashaka yake, jinsi anavyojifunza sheria ili amtetee mumewe, jinsi anavyohangaikia watoto wake, ambao filamu zinawasahau kwa muda mrefu. Michèle Mercier alimpa uso na ujasiri, na naamini alistahili sifa zaidi ya alizopata, lakini waandishi wa filamu walimpunguzia maneno.

Toleo jipya la 2013, lililoongozwa na Ariel Zeitoun, Nora Arnezeder akiwa Angélique na Gérard Lanvin akiwa Joffrey, lisubiri mpaka hapa. Lina matope zaidi na mwanga mdogo, na linachukua siasa kwa uzito. Ukilitazama kwanza hutaelewa kwa nini watu walimpenda mwanamke huyu.

Hatua ya 8: Endelea kwa kufuata wafalme

Ukimaliza, usiokote filamu ovyo. Zipange kwa mwaka ambao hadithi inatokea, na historia ya Ufaransa itajipanga yenyewe kichwani.

Anza 1572 na *La Reine Margot* ya Patrice Chéreau (1994), kutoka riwaya ya Dumas. Ndoa ya Margot, dada wa mfalme, na Henri wa Navarre, Mprotestanti, ilifungwa tarehe 18 Agosti, na usiku wa kuamkia tarehe 24 Waprotestanti wakaanza kuuawa mitaani Paris. Isabelle Adjani ni Margot. Virna Lisi, aliyemwigiza Catherine de Médicis, mama wa kutisha wa Margot, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la filamu la Cannes. Ina damu nyingi kuliko filamu yoyote niliyoitaja. Ni kazi kubwa.

Fuata na miaka ya 1620: *Les Trois Mousquetaires*. Borderie mwenyewe aliitengeneza kwa sehemu mbili mwaka 1961, kabla ya Angélique, nayo ni nyepesi na ya furaha. Ya Martin Bourboulon ya 2023, pia sehemu mbili, ni nzito zaidi, na Milady, jasusi wa kike anayeigizwa na Eva Green, anafaa kulinganishwa na Angélique: wote wawili wanaishi kwa akili katika dunia ya wanaume wenye panga.

Baada ya Louis XIV inakuja *Le Bossu*, kutoka riwaya ya Paul Féval ya 1857. Ipo ya 1959 yenye Jean Marais na ya 1997 ya Philippe de Broca yenye Daniel Auteuil. Chagua ya 1997 kwanza. Shujaa wake, Lagardère, anajifanya mwenye kibyongo na kukodisha mgongo wake uwe meza ya kuandikia mikataba katika mtaa wa Quincampoix, ambako mnamo 1719 na 1720 watu wa Paris walinunua hisa za John Law, Mskoti wa mambo ya fedha, kwa wazimu mpaka zikaporomoka.

Mwisho *Le Comte de Monte-Cristo* ya 2024, ya Matthieu Delaporte na Alexandre de La Patellière, kutoka riwaya nyingine ya Dumas, Pierre Niney akiwa shujaa wake, Edmond Dantès. Inakaribia saa tatu, na Ufaransa peke yake ilipata watazamaji zaidi ya milioni 9. Kabla hujaibonyeza, jua huyu Dumas ni nani: bibi yake mzaa baba, Marie-Cessette, alikuwa mwanamke Mweusi mtumwa huko Saint-Domingue, Haiti ya leo, na baba yake akawa jenerali wa jeshi la Ufaransa, kisha akafungwa miaka miwili katika gereza la Italia akarudi afya imevunjika. Mwandishi alikuwa na umri wa chini ya miaka minne baba yake alipokufa. Tazama saa ya kwanza, ya kisiwa cha gereza cha If, bila kusimamisha. Pumzika hapo, kunywa chai, kisha malizia iliyobaki kwa mkupuo mmoja.